Nani Atamnyanyua Baba

Nyumbani, chumba cha uani,
Jumapili, tarehe 3 Agosti.

Mpendwa mdogo wangu Kibonge,

Salamu nyingi kutoka kwetu. U hali gani huko uliko? Kifua je, kimeachia? Wifi yangu na mwanao hawajambo? Sisi tunashukuru, tunapumua. Ningesema hatujambo, lakini wewe nimekulea mwenyewe, ungejua naongopa. Leo sikufichi.

Kwanza nikuchekeshe. Dada yako sasa ni mtu wa serikali! Wametangaza kwamba sisi tunaouguza nyumbani tuandikishwe, tupewe kadi na tufundishwe kazi. Miaka sita namgeuza baba kitandani tangu alipopooza, na hakuna aliyeiita kazi. "Yupo yupo tu nyumbani," ndivyo walivyonisema. Sasa afisa ustawi kaniita "mtunzaji", nikageuka nyuma kuona anamwita nani.

Shangazi kanuna. Anasema kumuuguza mzazi ni radhi, kadi ya nini? Nikamwambia radhi naitaka, ila mgongo nao unataka kupumzika. Jirani yetu kinyozi naye kaandikishwa, anamuuguza mkewe. Zamani alikuwa anaanika shuka za mgonjwa ndani, watu wasimcheke. Siku hizi anaanika nje mchana kweupe, na wanaume wenzake wanakuja kumuuliza madoa yanatokaje. Dunia imegeuka, Kibonge.

Haya, sasa nisikilize vizuri. Mkono wangu wa kushoto haushiki. Ulianza kwa ganzi, nikasema ni uchovu. Vikombe vikaanza kuniponyoka. Mwezi uliopita nilikuwa namtoa baba bafuni. Nikamfunga shuka kiunoni kama kawaida yangu, nikahesabu moja, mbili, tatu, na kwenye tatu mkono ukagoma. Hakuanguka, ukuta ulituzuia. Tukabaki pale tumeuegemea, mimi nalia, yeye ananitazama. Sikumwambia mtu.

Tangu siku ile baba akaanza kukataa maji. Anaonja kidogo tu, kikombe anakisukuma. Nikadhani ni koo. Nikamsagia chakula, nikamgombeza, nikambembeleza, wapi! Midomo imekauka mpaka inapasuka, na mchana kutwa anasinzia. Mimi ninayejigamba kwamba namjua baba kuliko daktari yeyote, kumbe kipofu!

Alhamisi afisa alikuja kukagua. Akamwekea baba glasi ya maji, akamuuliza taratibu kama koo linamuuma. Baba akatikisa kichwa. Akamuuliza, basi hana kiu? Baba akatikisa kichwa tena. Kisha kwa ule mkono wake mzima akaonyesha mlango wa bafu, halafu akaonyesha mkono wangu wa kushoto.

Ndugu yangu, hanywi ili asiende chooni, nisije nikamnyanyua. Maneno yamempotea, lakini useremala haujamtoka, anajua boriti inapotaka kuvunjika. Nilikwenda kujifungia stoo, nikalia mpaka afisa akaja kubisha hodi.

Hakunizungusha. Alisema figo za baba hazitavumilia hivi, na akanipeleka hospitali mwenyewe. Kumbe si uchovu, ni mishipa ya shingo imebanwa. Tarehe ishirini na moja nalazwa, nipasuliwe, na wiki sita baada ya hapo nisinyanyue hata ndoo. Nikichelewa, mkono ndio kwaheri.

Kwenye fomu yao kuna nafasi ya mtunzaji wa pili, wa kushika kazi wa kwanza akianguka. Shangazi hata yeye kuinuka kitini ni kazi. Kinyozi ana mgonjwa wake. Nimekuandika wewe bila kukuuliza. Nisamehe, au usinisamehe, lakini njoo.

Naogopa, Kibonge. Jana nilishindwa kumtazama baba na ile midomo yake, nikamwambia unakuja, umeshakata tiketi. Akaivuta glasi mwenyewe, akanywa yote, akaninyooshea nimwongeze.

Msalimie sana wifi, na mtoto mbusu mashavu yote mawili. Shangazi anakusalimu pamoja na kununa kwake, na kinyozi anasema nywele zako atazikata bure. Mungu akufungulie njia, na akufikishe salama kabla ya tarehe hiyo.

Wako akupendaye, anayekungoja,

Dada yako.