Uyoga Aliouomba Kaka

Huai Hia, mwezi wa Mei

Kwako Kaka Anuwat,

Salamu. Nakuuliza hali yako, ya wifi na ya watoto kwa sababu ndivyo mama alivyotufundisha kuanza barua, si kwa sababu nina hamu ya kujua. Huku mvua ya kwanza imenyesha, moshi umetoweka na mlima unaonekana tena. Mama bado anakohoa. Mume wangu Inson bado yuko mahabusu, na aliyemweka huko ni wewe, kwa hiyo hali ya nyumba yangu unaijua.

Ningekupigia simu, ila nikipaza sauti unakata. Barua utaisoma mpaka mwisho, nakujua.

Nianze na ule mkutano wako wa Februari kwenye ukumbi wa hekalu. Ulitueleza vizuri, hilo sikunyimi. Ulisema hewa ya ukaa ya magari na viwanda hukaa angani vizazi na vizazi, lakini masizi ya mioto yetu ni ya kupita, wiki moja mbili yameanguka, ila katika muda huo mfupi yanashika joto la jua vibaya mno. Tukiacha kuchoma, ukasema, nafuu itakuja upesi. Mzee Kham akakuuliza, "Na hilo gari lako, mwalimu, linatoa nini? Marashi?" Watu wakaangua kicheko, nawe ukanuna. Ukaendelea kwamba moto hauoteshi uyoga, kwamba uyoga huota kwenye mizizi ya miti na moto unafagia tu majani ili watu wauone kwa urahisi. Mama alikaa mstari wa mbele akiitikia kwa kichwa kila neno. Alikuwa anajivunia mwanawe. Kusikiliza, hakusikiliza.

Jioni, tukiwa tunakula, ukasukuma bakuli ukamwambia, "Mama, huu mwaka wa pili sijaonja uyoga wa thop, ule unaopasuka mdomoni. Mwaka huu nisikose, mama yangu." Tulicheka sote. Naomba uyakumbuke maneno hayo.

Machi mlima wa nyuma ukawaka. Inson na wenzake walipanda na reki na mafagio ya matawi, wakahangaika na moto mpaka wakauzima. Wewe ulikuwa mjini kwenye kiyoyozi chako, ukaona kwenye simu kitone chekundu, kile cha setilaiti kinachoonyesha palipo na moto, juu kidogo ya shamba letu la mahindi. Hukutupigia kuuliza. Uliwapigia watu wa wilaya, ukawaambia huyo ni shemeji yako anasafisha shamba, na baadaye ukajisifu kwa watu kwamba wewe huna cha ndugu kwenye sheria. Walimkuta mweusi kwa masizi toka kichwani hadi miguuni. Mtu aliyetoka kuzima moto ulitaka awe na rangi gani, Kaka?

Walimuuliza nani aliwasha, akajibu hajui. Nilipokwenda kumwona nilimgombeza, nikamwuliza huo ukimya ni ujinga gani. Akaniambia, "Fongchan, hebu niache. Angalia watoto, muangalie na mama." Nilirudi nyumbani nimemkasirikia yeye pia. Masizi ya mlimani yalishaanguka kama ulivyosema, ila Inson yuko ndani mpaka leo.

Mwaka wetu mpya wa Aprili ukaja, nawe ukaja na bakuli lako la maji ya manukato. Ukapiga magoti, ukammwagia mama mikononi, ukamwomba radhi na baraka kama mtoto mwema. Mimi nilisimama mlangoni nikikuchukia. Ukaniona, ukasema mbele ya wageni, "Dada, kununa hakuzimi moto." Kuna waliocheka. Mama hakucheka. Baraka alizokupa zilikuwa fupi, akaivuta mikono kabla maji hayajaisha, nawe ukasema uzee umemwingia.

Juzi, mvua ilipokatika, nilimkuta jikoni anaosha uyoga wa thop huku analia. Nilidhani ni kifua. Akaniambia, "Ni mimi, mwanangu. Nilichoma majani kidogo tu, nilitaka kaka yako apate uyoga wake. Upepo ukanizidi nguvu." Inson ndiye aliyemkuta kule juu, kiberiti mkononi, amepaliwa na moshi hawezi hata kuita. Alimteremsha mgongoni, na njiani akamwapisha asiseme neno, maana kwa kifua kile mahabusu atafia humo. Kisha akapanda tena kuzima moto. Mume wangu ameyameza yote haya kwa ajili ya mama yako, nami nilikuwa namwita mjinga.

Ile mikono uliyoimwagia maji ndiyo iliyowasha kiberiti, na iliwasha kwa ajili yako.

Kesi inasikilizwa Jumatatu. Sitaki umtaje mama, na ukimtaja nitakukana mbele ya kijiji kizima. Nataka uje usimame useme kile unachokijua na basi: uliona kitone, hukuona mtu. Wewe msomi, kusema hivyo hakutakushinda. Na nikupe furaha yako: jana nilipanda upande ambao haukuungua, nikafukua majani kwa mikono, nikakuta uyoga tele. Ulikuwa sahihi. Haya, umefurahi?

Nisalimie wifi na watoto, wao hawajanikosea. Kikapu anachokuletea dereva wa gari la mboga pamoja na barua hii ni chako. Mama ameuchagua uyoga mmoja mmoja, ule mchanga unaoupenda. Ameniomba nisikwambie lolote, ili ule kwa raha.

Basi kula.

Ni mimi mdogo wako, mke wa Inson,
Fongchan