Mama, Khadija Hakuiba Bangili Zako

Mama yangu,

Leo nimekaa dukani kwako, Kariakoo. Mteja ameuliza kanga yenye jina la kumsuta jirani, nami nikacheka peke yangu. Wewe ungemtolea tatu kabla hajamaliza kusema.

Majina yote ulikuwa nayo kichwani, kisha ukaanza kusahau. Kwanza majina ya kanga, baadaye njia ya kutoka Msimbazi hadi nyumbani. Siku ile bangili zako hazikuonekana, ukamnyooshea kidole mdogo wako Khadija mbele ya majirani. "Mwizi ni huyu!" Tulizikuta ndani ya robota la kanga, ukasema amezirudisha kwa woga. Mama mdogo alijifunga baibui lake akilia. "Tumelala kitanda kimoja tangu utoto, leo mimi mwizi?" Hakukanyaga tena kwetu.

Mtaani walisema umerogwa. Mimi nikakupeleka hospitali. Daktari alipima damu, akasema vitamini B12 iko chini, na homosisteini imepanda sana. Nilishangaa, maana vitamini hiyo imo kwenye samaki, na samaki wa soko la Feri hakukosekana mezani kwako. Akanieleza taratibu: "Tumbo la mzee huweza kushindwa kufyonza hata anachokula. Homosisteini hutokea mwili unapotumia protini za chakula. Vitamini zikipungua, haigeuzwi, inajaa. Ikijaa hujibandika kwenye protini za mwili, hata za ubongo. Protini hizo hupoteza umbo, hushindwa kazi, hugandana na kuumiza seli." Akaongeza kwamba huenda si chanzo pekee, na kwamba sindano za vitamini hiyo zingesaidia kuzuia hali isizidi, lakini seli zilizokufa hazirudi.

Nilitoka pale moja kwa moja hadi kwa mama mdogo. Nikamwambia yote, nikamalizia, "Shikamoo yangu hujaiitikia, lakini nisikilize. Aliyekuita mwizi ni ugonjwa."

Alifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Marahaba, mwanangu," akasema mwishowe. "Kumbe ubongo nao huumwa kama goti."

Sindano zilikupa nafuu kidogo: uliacha kutangatanga, ukalala vizuri. Majina hayakurudi. Mama mdogo akawa anakuja kila siku kukusuka, nawe hukumjua. Mimi ilinichoma, yeye alisema kuombwa radhi hakuhitaji.

Mama, nakukumbuka kwa mengi, na hasira sina tena. Nilikuwa nayo, kwa Mungu, kwa majirani, hata kwako. Sasa nilichobaki nacho ni huruma, na hamu ya kukusikia ukigombana na wateja.

Juma lile la mwisho mama mdogo alikuwa anakupaka mafuta kichwani. Ukafumba macho, ukasema, "Mkono wako kama wa mdogo wangu Khadija. Nimemkumbuka. Mwiteni aje."

Akakuinamia sikioni. "Nimeshakuja, dada."

Pumzika salama, Mama.

Mwanao, kitindamimba wako