Mochi Ilivyomjibia Bibi

Anifa,

Wali umo kwenye hotpoti. Mbuzi hajapewa majani. Mimi na Bibi tumekwenda Kwa Mathias kwa daktari wa meno.

Hizo mochi zako, keki za mchele za Kijapani, usimpe mtu mwingine. Za kisasa, zenye chokoleti, Bibi alizikataa, akachukua ya asili yenye maharage matamu. Akaing'ata mara moja tu, meno yake ya bandia ya juu na ya chini yakagandana. Papo hapo washenga wa Rajabu wako wakabisha hodi kutoka Vihingo. Unajua Bibi alivyoapa kuwakatalia, eti kijana anacheka sana.

"Shikamoo Bibi. Je, tumepewa mke?"

Bibi akawa anatikisa kichwa juu chini apate kujinasua, machozi yanamtoka. Washenga nao wakalia, wakaomba dua, wakaondoka wakishukuru!

Mimi nilikimbilia jikoni kucheka. Niambie kweli, ulimwekea makusudi?

Bibi ameandika kwa kidole kwenye unga wako wa mochi hapa mezani kwamba harusini ~~hatakuja~~ atakuja, ila keki iwe ya ngano.

Mama yako