Bando Haliishi

Jumanne, 4 Machi

Ujumbe umeingia kwenye simu zote za nyumbani kwa mpigo, tukiwa mezani. Ting, ting, ting! "Mpendwa mteja, tumeboresha Bando la Akiba kwa ajili yako." Shangazi akaweka kikombe chini. Akasema wakishamwita mpendwa, anajua ameibiwa. Tukacheka. Halafu akausoma mpaka chini, na hakucheka tena.

Bando la Akiba ndilo analoliuza kuliko yote pale mezani kwake, chini ya mwavuli, nje ya duka la dawa. Ndilo lenye bango: HALIISHI! Unanunua, unatumia upendavyo, linalobaki linakungoja hata mwaka. Sasa litadumu mwezi mmoja tu. Na la zamani, lililokwisha kulipiwa, limefutwa leo hii!

Jumatano, 5 Machi

Nimegundua jambo katikati ya kipindi. Haliishi lina maana mbili. Haliishi — halifiki mwisho. Haliishi — halina uhai. Kuisha na kuishi, ukivikanusha, vinafanana kama mapacha. Basi kampuni haikudanganya, ilikuwa inazungumzia maana ya pili!

Nilitaka kumwambia jirani yangu wa dawati, nikaona haya. Nikamwandikia kwenye kikaratasi. Alicheka hadi mwalimu akageuka. Kikaratasi kikazunguka darasa zima. Sasa naitwa Kamusi. Si jina baya.

Ijumaa, 7 Machi

Si la kucheka tena.

Nilipita mezani baada ya shule kumsaidia Shangazi. Fundi cherehani alikuwepo, yule anayetushonea sare. Wateja wake humtumia picha za mishono, kwa hiyo alikuwa amejiwekea bando lake kidogo kidogo kwa msimu wa harusi. Lote limefutwa.

"Shoga, ulinitazama machoni ukaniambia haliishi."

"Jamani, mimi nina mnara? Mimi nauza tu."

"Mnara siujui. Ninayemjua ni wewe."

Akavuka barabara, akanunua laini ya mtandao mwingine kwenye meza ya ng'ambo. Mbele ya macho yetu! Na si wa kwanza wiki hii. Shangazi alilitazama bango muda mrefu. Mimi nikajifanya napanga vocha.

Jumapili, 9 Machi

Afisa wa kampuni amekuja nyumbani! Viatu vinang'aa, tabasamu la tangazo. Jumamosi wana Siku ya Mteja, kwenye uwanja ulio nyuma ya soko. Wanataka Shangazi aseme machache kwenye kipaza sauti, maana "mama, wewe unaaminika." Maneno yenyewe ameshayachapa: tumeboresha bando ili kukupa uhuru zaidi. Kisha, kwa sauti laini kama pamba, akakumbusha kwamba mkataba wa uwakala unasainiwa upya mwezi huu.

Alipotoka, Shangazi akaanza kuzunguka sebuleni. Akisema, fundi na wenzake hawatamwamini tena maisha. Asiposema, meza imekwenda. Baba akamwambia mkono usioweza kuukata, ubusu.

"Ubusu wewe, kaka. Midomo yangu ina kazi."

Halafu akanigeukia. Amesikia kwamba shuleni ninaitwa Kamusi. Basi Kamusi afunguliwe, amwandikie hotuba yake mwenyewe.

Jumatano, 12 Machi

Rasimu ya kwanza ilikuwa hasira tupu. Shangazi akasema nimemfukuzisha kazi kabla hajasema hamjambo. Ya pili imenyooka: "Niliwaambia haliishi kwa sababu nami niliambiwa hivyo. Kampuni imelipunguza. Naiomba iwarudishie lililofutwa."

Kampuni imelipunguza. Naipenda sentensi hii. Haina matusi, haina sukari.

Anaikariri akiosha vyombo. Anataka nimshikie karatasi jukwaani. Jukwaani! Miguu yangu inajua kukimbia majukwaa, si kuyapanda. Lakini sentensi ni nzuri. Nitasimama nayo.

Jumamosi, 15 Machi

Niko nyuma ya hema, nimekalia kreti la soda, daftari mapajani. Muziki unapasua masikio. Watu wamejaa! Fundi yuko mbele kabisa, mikono kifuani. Shangazi amevaa gauni lake la bluu, fulana ya kampuni kaikunja kwapani.

Afisa aliomba kuiona karatasi. Akasoma, tabasamu likabaki mdomoni tu. Akasema yote sawa, hata la kurudishiwa wataliangalia. Ila neno moja. Si imelipunguza — imeliboresha. Neno moja tu, mama, na mkataba tunausaini hapahapa.

"Mimi msomaji," Shangazi akasema. "Mwandishi huyo hapo."

Wakanigeukia wote wawili. Nilidhani sauti haitatoka. Ikatoka! Nikasema kuboresha ni kukifanya kitu kiwe bora. Fundi yule pale, aitwe, aulizwe kama bando lake limekuwa bora. Afisa akacheka, eti binti una maneno wewe! Shangazi hakucheka. Alinitazama tu, kama mtu anayeketi kitini bila kukijaribu kwanza.

Mshereheshaji ameshamwita mara mbili. Watu wanapiga makofi. Afisa amenipa kalamu yake nirekebishe. Inaandika vizuri. Anaona mkono wangu unakwenda, anaitikia kwa kichwa. Karatasi ya Shangazi iko chini ya daftari hili, kama nilivyoileta, haijaguswa. Wanamwita mara ya tatu. Shangazi ananyoosha mkono —