Kaktusi Isiyo na Utoto

Kindu, Jumamosi. Mvua ya alfajiri imeacha ukungu mzito upande wa mto, na mimi nimeamka na roho nzito ya kumshuku kila mtu.

Zaidi namshuku Papa Bahati, jirani yetu wa tangu zamani, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Juzi kamletea mama saruji ya kujengea kaburi la Musa, bure kabisa. Ebu niambie, ni nani katika Kindu hii anatoa saruji bure? Na alipokuwa anaishusha hakunitazama usoni hata mara moja.

Musa alikuwa mdogo wangu. Alikufa kwa surua wakati wa vita, siku zile risasi zilipokuwa zinalia na hakuna aliyethubutu kupeleka maiti makaburini. Baba akamzika hapa nyuma ya nyumba, akapanda juu yake kaktusi ndogo kama ngumi, ili tukirudi tupajue. Kisha tukakimbilia msituni, upande wa Kibombo.

Leo kaktusi hiyo imempita mama kwa urefu. Kila Ijumaa anasoma dua pembeni yake. Jumatatu fundi anakuja kuizungushia saruji.

Lakini mimi nakumbuka vingine. Kichwani mwangu, ukisimama mlangoni mwa jiko, Musa yuko upande wa kulia, pale unapopita sasa ukuta wa Papa Bahati. Kaktusi iko kushoto, mbali.

Nikajumlisha mwenyewe. Alihamisha alama, akajenga juu ya mdogo wangu, na sasa anatuziba midomo kwa saruji.

Mimi ni mwalimu wa biolojia, na kaktusi nazijua kidogo. Kwa urefu zinadanganya. Kata ncha ya kaktusi kubwa, ichomeke ardhini, itashika mizizi, na baada ya mwaka utaapa kwamba ilizaliwa hapo. Ndani ya shina ni habari nyingine. Kaktusi kama hii yetu, ikiwa bado ndogo, mti wake wa ndani una seli fupi na pana zenye vipete, zinazojikunja ukame ukija na kutanuka mvua ikinyesha. Haina uzito wa kubeba, nyuzi ngumu za nini? Shina likirefuka na kunenepa ndipo inapotengeneza nyuzi ndefu za kuishikilia isianguke. Ule mti laini wa mwanzo hauondoki, unabaki chini kabisa, katikati ya shina, umezungukwa na mgumu. Kwa hiyo kaktusi iliyoanza kama ngumi, mahali hapohapo, lazima iwe na utoto wake ndani ya shina.

Jana mama akiwa sokoni nilichukua kisu nikakata kipande pale chini, hadi kwenye moyo wa shina. Kidonda nikakipaka majivu. Shuleni nikakwangua kipande kwa wembe, nikaweka hadubini dirishani maana umeme hakuna. Nikaona nyuzi, ngumu, ndefu, mpaka katikati.

Utoto haumo. Hii ilichomekwa ikiwa ncha ya kaktusi kubwa, siyo ile ya baba.

Wallahi nilipandwa na hasira. Asubuhi hii nimemkuta mama anachagua mchele nikamwaga yote: Papa Bahati ni mwizi wa kaburi, fundi asiguse kitu, naenda kwa chifu wa kata sasa hivi.

Mama hakuinua kichwa. "Acha Papa Bahati, mwanangu. Ile kaktusi miye njo nilipanda."

Akanieleza jinsi alivyoipanda yeye mwenyewe, mkono bado uko kwenye mchele. Vita ilipotulia alitangulia yeye kurudi. Baba alikuwa anaumwa mguu, akabaki nyuma na sisi watoto. Mama akakuta uwanja mzima umechimbwa. Kabla ya kukimbia watu walikuwa wamefukia mali zao, sahani, cherehani, na waporaji walichimba kila mahali, hasa palipokuwa na udongo mpya. Kaktusi ya baba haikuwepo.

"Mashimo ilikuwa mingi," alisema. "Sikujua ya mutoto wangu njo gani, ao kama bado alikuwa mule."

Aliyemsaidia kuyafukia ni Papa Bahati. Kisha mama akakata ncha ya kaktusi kubwa kwenye nyumba iliyoachwa na wenyewe, akachagua mahali, akaichomeka, ili baba akifika akute kitu. Baba alifika akashangaa, eh, imekua hivi? Mama akamjibu ni mvua. Baba alikufa akiamini hivyo. Na Papa Bahati amenyamaza miaka yote hii, ndiyo maana akituona anatazama chini.

Kumbe huyo ndiye niliyemwita mwizi. Naona aibu.

Mama ameniuliza jambo moja tu, fundi aje ao asikuje. Nimesema aje. Ameitikia kwa kichwa, akarudi kwenye mchele wake, na machozi yalikuwa yanamdondoka humo humo.

Sasa jua linashuka. Nguo zilikuwa bado kambani, ng'ambo ya uwanja, na wingu jingine linakuja. Nimetoka kuzianua, nimefika kizingitini mwa jiko, nimesimama. Uwanja huu nimeucheza, nimeufagia, nimeupita kila siku bila kufikiri.

Nikanyage wapi?