Nilivyopata Zamu ya Rosely

Nyumba ya Vadakkel,
Thodupuzha, Kerala.
9 Agosti 1998

Mpendwa Dada Aleyamma,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye matope. Hujambo wewe? Shemeji naye? Na pacha, wameshapona ukambi? Tunasikia huko Muscat nguo hukauka kabla hujamaliza kuzianika. Huku zina siku nne juu ya meko na bado hazijakauka, na sote tunanukia moshi kanisani.

Sisi ni wazima, tunamshukuru Mungu. Baba goti linamsumbua kidogo, lakini anayesumbuka zaidi ni Mama. Mvua ikinyesha hakuna kugema mpira, na Baba asipogema hukaa jikoni kutwa akionja mchuzi wa samaki na kusema ukwaju haujakolea. Mama amemwahidi mwiko wa kichwa.

Katika barua yako ya Juni uliniuliza kama nimeamua kufanya kazi huku nikiendelea na shule ya unesi, ukanikumbusha kwamba mshika mawili moja humponyoka. Nimekaa miezi miwili bila kukujibu. Haukuwa uvivu, Dada. Ilikuwa aibu. Kaa chini ndipo usome.

Yuko msichana darasani kwetu anaitwa Rosely, binti wa mwenye duka la vitambaa karibu na kanisa. Nadhani baba yake unamkumbuka, yule anayepima kitambaa huku akiimba. Sare zake tatu zimepigwa pasi, saa yake ina mshale wa sekunde, na ananukia sabuni nzuri. Mimi nina sare mbili, na nikitaka kuhesabu mapigo ya mgonjwa naazima saa. Hayo niliyavumilia, kwa sababu kwenye mtihani wa kuandika mimi ndiye wa kwanza na yeye hayumo hata kwenye kumi bora. Nilikuwa nikijiambia, aringe na saa yake, akili hainunuliwi dukani kwa baba yake.

Mwaka wa kwanza alikuwa kichekesho cha wodi. Akiona beseni la choo anatapika, akiona kidonda anashika ukuta. Basi mwaka huu, kuanzia Mei, mikono yake ikabadilika ghafla. Anamgeuza mgonjwa mzito peke yake bila mgonjwa kugumia. Anatandika kitanda mtu akiwa amelala juu yake, na shuka halina hata mkunjo. Sista Annunciata, mkuu wa shule, akawa kila asubuhi na wimbo mmoja: "Mtazameni Rosely. Hebu mtazameni Rosely!" Nami nilimtazama, Dada. Nilimtazama mpaka macho yakaniuma. Sijui kama umewahi kumwonea mtu wivu hata ukachukia namna anavyokunja mikono ya gauni lake.

Wakati huo nyumbani tulikuwa tunabishana juu ya ile kazi. Mama Eliamma, yule nesi mstaafu, ana nyumba ya kutunza wazee nyuma ya soko, na tulikuwa tumesikia anatafuta msichana wa kumsaidia jioni. Mama alisema niende, kwani mvua ya mwaka huu haina mwisho na ada haisubiri jua. Baba akakataa. "Nimempeleka shule awe nesi," akasema, "si yaya wa vikongwe vya watu." Mama akamjibu, "Na wewe ukizeeka utageuzwa na nani, na mti wa mpira?" Nikaona nikimsubiri Baba nitazeeka mimi kwanza. Siku moja baada ya masomo nikaenda kuomba.

Aliyenifungulia mlango ni Rosely, amevaa aproni, beseni mkononi.

Tulitazamana kama wezi wawili waliokutana kwenye ghala moja. Kumbe alikuwa anafanya kazi pale jioni tatu kwa wiki, tangu Aprili. Shule yetu hairuhusu kazi ya nje bila kibali cha maandishi, naye hakuwa nacho.

"Bincy, tafadhali usimwambie Sista," akasema. "Nikiomba kibali Baba atapata habari, na akipata habari atanitoa."

"Mimi?" nikasema. "Nimwambie ili nipate nini?"

Nikarudi nyumbani nikiwa nawaka. Binti wa mwenye duka zima la vitambaa amechukua kazi niliyoihitaji mimi! Na ule wepesi wa mikono ambao tulidhani ni kipaji, kumbe anaufanyia mazoezi kwa siri huku mimi nikikariri majina ya mifupa. Sikujiuliza hata kidogo kwa nini msichana asiye na shida aende kuosha wazee. Wivu hauna muda wa kuuliza.

Wiki iliyofuata Sista akatangaza wanafunzi wawili watakaoingia chumba cha upasuaji kusaidia. Nilikuwa na hakika na jina langu. Akasoma la Rosely, kisha la msichana mwingine. Jioni ile nikabisha ofisini kwa Sista.

Sikusema kwa ukali. Laiti ningesema kwa ukali. Nilivaa uso wa huruma, Dada, ule tunaovaa tukienda msibani kwa watu tusiowapenda. Nikasema, "Sista, nina wasiwasi na Rosely. Naogopa atachoka augue, na zile kazi zake za jioni."

Kesho yake Rosely alitolewa wodini mwezi mzima, na jina lake likafutwa kwenye chumba cha upasuaji. Baba yake akaitwa. Alipotoka ofisini hakuwa anaimba. Mimi nilikula chakula changu chote siku ile, nikaongeza muhogo. Nakuambia ukweli wote, hata huu.

Siku tatu baadaye Mama Eliamma akaniita. "Zamu ya Rosely iko wazi," akasema. "Mwenyewe ndiye aliyekutaja. Amesema una kichwa kizuri, na kwamba kwenu mvua imesimamisha kazi ya mpira."

Nilitaka ardhi ipasuke. Nikamuuliza kwa nini Rosely alikuwa akifanya kazi pale.

"Woga," akasema. "Alikuja akaniambia, mama, nawaogopa wagonjwa, nami nataka kuwa nesi, nifanyeje? Wiki ya kwanza alitapika kila siku. Ya pili mara mbili. Ya tatu akaacha."

Unajua nilichohisi kwanza? Si majuto. Nilimwonea wivu zaidi! Mikono nimemwonea, saa nimemwonea, na sasa nikamwonea na moyo wake. Majuto yalikuja nikiwa njiani, na yalipokuja sikuweza kufika nyumbani. Nikageuka nikaenda kwa Sista.

Nikamweleza kila kitu: kwamba nilikwenda kuomba kazi ileile, na kwamba kilichonileta ofisini kwake kilikuwa kijicho tu. Sista alivua miwani akaifuta muda mrefu sana.

"Kwa hiyo haukuwa wasiwasi," akasema.

"Hapana, Sista."

"Nilijua. Mwenye wasiwasi na mwenzake humwendea mwenzake kwanza." Akavaa miwani. "Kanuni ni kanuni. Mwezi wake ataumaliza. Na wewe mwaka huu chumba cha upasuaji utakipita nje."

Nikamwomba kibali kwa sote wawili, kwa maandishi. Alikataa, kisha akauliza bibi wangapi wako kule, kisha akaandika. Jioni mbili kwa wiki kila mmoja, Rosely aanze adhabu yake ikiisha, na alama zikishuka kibali kinakufa. Akaahidi kuzungumza na baba wa Rosely yeye mwenyewe. Baba yangu niliachiwa mimi. Alinuna siku mbili, kisha akauliza kama wale wazee wanapewa samaki.

Iliyobaki ilikuwa ngumu kuliko zote. Nikampelekea Rosely kibali dukani kwao, nikamwambia ni mimi niliyemchongea.

"Nilijua," akasema, akiendelea kukunja kitambaa. "Nani mwingine aliyeniona?"

"Ulijua, na bado ukanitaja?"

"Kule kwa Mama Eliamma yuko Bibi Kunjeli, hawezi kujigeuza. Asipogeuzwa vizuri atapata vidonda mgongoni. Yeye ana habari gani na ugomvi wetu?" Akaweka kitambaa rafuni. "Usidhani tumekuwa marafiki. Njoo Jumanne, nitakuja kama mgeni tu, nikuonyeshe anavyotaka."

Na kweli alikuja. Alisimama mikono nyuma, akaniamuru kama koplo. "Goti kwanza. Si hivyo, utamvunja! Mwambie kabla ya kumgusa." Jasho lilinitoka. Hakucheka hata mara moja, wala hakunisifu.

Basi hilo ndilo jibu lako, Dada. Nafanya kazi Jumanne na Ijumaa, saa kumi hadi saa moja jioni. Nasoma alfajiri. Jaribio la juzi nilikuwa wa pili, si wa kwanza. Sijafa.

Na wivu haujaniisha, nisikudanganye. Wiki ijayo Rosely anarudi wodini, na najua nitaumia akisifiwa. Bibi Kunjeli haoni vizuri tena. Kila nikimshika goti huuliza, "Rosely, ni wewe?" Siku ya kwanza nilipokuwa naye peke yangu nilimsahihisha, akakaza mwili wote kama ubao, akalia. Sasa naitika, "Ndiyo, Bibi, ni mimi," naye analegea, namgeuza.

Mama, Baba na Shangazi Thresia wanakusalimu sana. Mbusu Shemeji kwenye shavu kwa niaba ya Mama, nawe mwambie amekonda, ndivyo alivyoagiza, ingawa hajamwona miaka mitatu. Pacha wafinye mashavu kwa ajili yangu. Mungu akulinde wewe na mikono yako, kwani najua sasa inachoka kiasi gani.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, asiyestahili sana wiki hii,
Bincy