Mistari Saba kwenye Mkono wa Sweta

14 Januari

Mdogo wangu,

Hujambo? Sisi wazima, isipokuwa mgongo wangu, na msimu wa sare haujawahi kuuhurumia mgongo wa mtu. Mwanao amefika salama kutoka huko ng'ambo. Salama yake, maana yangu imeondoka.

Siku tano tu, naye amekwisha kunirekebisha mara arobaini. Taulo halikunjwi hivyo, mama mkubwa. Redio iko juu, mama mkubwa. Anaoga mpaka pipa linalia. Nilimuuliza yuko darasa la ngapi, akanijibu, "Kwetu hatusemi darasa, tunasema mwaka." Nikamwambia mwaka una miezi kumi na miwili, darasa lina madawati, wewe unakaa wapi? Akanuna mpaka chakula cha jioni.

Hata hivyo kazi yangu nimeifanya. Uliandika kwamba yuko mwaka wa saba, na sare za shule nzima nashona mimi, kwa hiyo sikungoja mtu. Unajua sweta za hapa zina mstari wa manjano mkononi, mmoja kwa kila darasa. Nikamshonea saba. Shule ilipofunguliwa, mwalimu wa zamu akautazama ule mkono getini, akamwelekeza darasa la saba. Karatasi zake hakuna aliyeziomba. Mshono wangu ndio cheti.

Usinipigie simu. Kwenye simu unalia, na ukilia mimi nashindwa kugombana.

Dada yako


2 Februari

Dada,

Shikamoo, na pole ya mgongo. Hapa chumba cha kufulia cha hospitali tumebaki watano kwa mashuka ya wodi tisa. Ndiyo maana mtoto yuko kwako na si kwangu, wala si kwa kupenda.

Umefanya nini? Huku wanaanza kuhesabu mtoto akiwa na miaka mitano. Mwaka wa saba wa huku ni darasa la sita la huko! Umemrusha mtoto darasa zima kwa sindano. La saba ndilo la mtihani wa mwisho, na orodha ya watahiniwa inafungwa mwisho wa Machi. Jina likishafungiwa humo halitoki. Akifeli, hakuna sekondari itakayomtazama. Nenda kwa mwalimu mkuu, sema mmekosea, ashuke la sita. Yaishe.

Na taulo mwache akunje anavyotaka. Ni lake, nilimnunulia mimi.

Mdogo wako


20 Februari

Mdogo wangu,

Barua nimeipata. Natumaini mashuka yamepungua, maana hasira zako hazijapungua.

"Mmekosea" ni nani na nani? Tangu tuzaliwe, kila waziri anayeingia anabadilisha majina ya madarasa, kama mtu anayehamisha viti ili asifagie nyumba. Mara darasa, mara gredi, mara kidato kinaanzia huku, mara kinaanzia kule. Mtoto hajui kusoma, wao wanambadilishia jina la chumba! Sasa na nyie huko mmeleta miaka. Mnawahesabu watoto kama miti ya mbao.

Mtoto ana akili. Yuko sawa. Miaka kumi na tisa naishonea shule ile, haijarudi hata sare moja. Leo nikamwambie mwalimu mkuu kwamba sweta niliyoiharibu ni ya mtoto wa ndugu yangu? Thubutu!

Kuhusu taulo: taulo ni lake, kamba ya kuanikia ni yangu.

Dada yako


16 Machi

Dada,

Shikamoo. Naiandika kwa sababu mama alitulea hivyo, si kwa sababu nyingine.

Mtoto ameniandikia mwenyewe. Hisabati kumi na nne kwa mia. Sayansi ishirini na moja. Wenzake wanamwita Mapambo, eti mistari yake ni ya urembo tu. Wakati wa mapumziko anajificha chooni. Na kuna jambo baya kuliko alama: karatasi zote tatu za matokeo zina sahihi yako. Ulikuwa unajua! Uliniandikia "yuko sawa" kwa kalamu ileile uliyotilia sahihi.

Nimempigia simu mwalimu mkuu. Anasema aliyemwandikisha ndiye pekee anayeweza kumtoa, kwa mdomo wake, mbele yake. Ni wewe. Kama heshima yako ni nzito kuliko mwanangu, niambie kwa maandishi, niache kazi nije mwenyewe.

Mama wa mtoto


2 Aprili

Mdogo wangu,

Sijui u hali gani na leo siulizi, maana nikiuliza utaniambia.

Barua yako ilikaa siku sita chini ya mkasi. Nikaenda tarehe thelathini, saa nne, walimu wote wako ofisini wanakunywa chai. Bahati yangu hiyo.

"Karibu, Mama Sare," akasema mwalimu mkuu. "Kuna sweta imepungua?"

"Imezidi," nikasema. "Mstari mmoja. Nimekosea mimi."

Mwalimu wa hisabati akaangua kicheko. "Miezi mitatu, Mama Sare! Mimi nilidhani mtoto ni mzito."

"Mzito ni wewe," nikamwambia, "unayefundisha mkono wa sweta. Mtoto anapata kumi na nne, hukuuliza kwa nini!"

Akakiweka kikombe mezani. Na sababu niliijua mimi, na chai yao ikawa inapoa wote wakinitazama.

Nilijua tangu wiki ya pili. Nilimkuta analia juu ya daftari, nikamwambia aongeze bidii. Nilimwambia mtoto aongeze bidii ili mshono wangu usifumuliwe. Hiyo ndiyo sentensi uliyokuwa ukiitafuta. Ichukue, itundike ukutani.

Jina limefutwa. Jana ameanza la sita. Aliporudi nikamwita chumba cha cherehani, nikasimamisha mashine, nikamwomba msamaha. Mimi! Kwa mtoto wa miaka kumi na moja! Akanitazama kama mteja anavyokitazama kitambaa alichoambiwa hakichuji.

"Nitafikiria, mama mkubwa," akasema, akaenda zake.

Wewe sikuombi, usijipange. Na usiniandikie kwanza. Mwache amalize kufikiria.

Dada yako